Shajara ya mradi: DVD ya Windows 7 yenye masasisho ndani, kwa ajili ya mashine ya kudarizi

Jumatatu

Karakana moja ya sare hapa Tanga ina mashine ya kudarizi nembo, na programu inayoiendesha iliachwa na watengenezaji wake kwenye Windows 7. Wiki iliyopita umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, kompyuta ikaungua pawasapulai na diski kwa pamoja. Programu ipo, kifunguo chake cha USB kipo, na CD ya draiva iko kwenye droo. Kinachotakiwa ni kompyuta nyingine yenye Windows 7 inayoeleweka, na inatakiwa mapema, maana shule zinafunguliwa Januari na oda za nembo za mifukoni zimeshapokelewa.

Kwa mafundi wengi mjini kazi kama hii ni ya nusu saa. Unachukua ile DVD iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito "Win 7 zote", unapiga Windows, unalipwa. Sitaki kuifanya hivyo. Ndani ya DVD za namna hiyo kuna mkono wa mtu usiyemjua: kaondoa huduma fulani, kaongeza programu ya kuvunja leseni, kabadilisha faili za mfumo. Ikija kukorofisha katikati ya oda, huna pa kuanzia kutafuta. Nitaanza na DVD safi ya Windows 7 Service Pack 1 (SP1), ya Februari 2011, na masasisho nitayaingiza mwenyewe, moja moja.

Mzee mwenye karakana kauliza swali la maana: "Sasa fundi, si uipige tu hiyo ya zamani halafu ijisasishe yenyewe kwenye mtandao?"

Zamani ingewezekana. Tangu katikati ya 2019 masasisho ya Windows 7 yanatolewa yakiwa na saini ya SHA-2 peke yake, yaani muhuri wa kidijitali unaothibitisha kwamba faili imetoka kwa Microsoft, na Windows 7 SP1 ikitoka kwenye DVD yake haiijui saini hiyo ipasavyo. Inajua SHA-1. Ili uyapokee masasisho, unahitaji kwanza sasisho la kuyatambua masasisho. Mlango umefungwa na ufunguo umo ndani. Na hata ungefunguka, kusubiri miaka tisa ya viraka vishuke kwa bando la simu ni kumtia mzee hasara.

Jumanne

Kompyuta imepatikana: ya mtumba, iliyotoka ofisini, Core i5 kizazi cha 6. Kizazi nimekichagua makusudi. Kuanzia cha 7, Microsoft ilisema wazi kwamba prosesa mpya zitasaidiwa kwenye Windows 10 tu, na mwaka 2017 ikaweka ukaguzi unaoizuia Windows 7 kutafuta masasisho kwenye mashine hizo. Cha 6 ndicho cha mwisho kisicho na ugomvi huo. Pia ilikuja na leseni ya Windows 10 Pro, na leseni hiyo ilimpa mwenye mashine haki ya kushuka hadi Windows 7 Professional, ila kwa kipindi tu ambacho Microsoft ilikuwa bado inaisaidia, yaani hadi Januari 2020. Programu za kuvunjia leseni sizitumii.

Ina shida yake, lakini hiyo naiachia siku ya USB.

Jumatano usiku

Usiku bando ni rahisi, basi nimekusanya vifurushi usiku. Vyote nimevitoa kwenye katalogi ya masasisho ya Microsoft yenyewe. Watu wengi hawajui kwamba majina ya faili za pale yana kazi. Kifurushi kikubwa cha mwaka 2016, kwa mfano, kinaitwa windows6.1-kb3125574-v4-x64 (KB na tarakimu zake ndiyo namba ya sasisho), halafu mstari wa chini, halafu mkia mrefu wa herufi na tarakimu unaoanza na 2dafb1d2. Ule mkia ndio alama ya SHA-1 ya faili nzima. Unafungua dirisha jeusi la amri, unaandika:

certutil -hashfile jina-la-faili.msu SHA1

Kompyuta inakokotoa na kukupa mkia wake. Ukilingana na ulio kwenye jina, faili imefika nzima. Usipolingana, futa, shusha tena. Kwa mtandao wetu unaokatikakatika, hatua hii inaokoa usiku mzima wa kesho yake.

Orodha yangu ni fupi kuliko utakazokutana nazo kwa watu. Wapo wanaoingiza viraka zaidi ya mia mbili, kimoja kimoja, kuanzia 2011. Hakuna haja. Mei 2016 Microsoft ilikusanya karibu masasisho yote yaliyotoka baada ya SP1 hadi Aprili mwaka huo ikayaweka ndani ya KB3125574, kifurushi cha zaidi ya MB 470 kwa mashine za biti 64. Kuanzia Oktoba 2016 masasisho ya kila mwezi yakawa yanakuja kwa rundo, la mwezi huu likiyabeba ya miezi iliyotangulia. Rundo la mwisho la bure ni KB4534310 la tarehe 14 Januari 2020, siku ambayo msaada wa bure wa Windows 7 ulikoma. Ukiwa na hivyo viwili, umeshika sehemu kubwa kabisa ya kazi. Vinavyobaki ni vidogo, ila ndivyo vinavyoamua kama vikubwa vitaingia au vitagoma.

Alhamisi

Leo ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo naieleza kwa kirefu.

Faili zote za DVD nimezinakili kwenye D:\kazi. Windows inayosimikwa inakaa ndani ya sources\install.wim, faili moja yenye matoleo kadhaa: kwenye DVD hii namba 1 ni Home Basic, 2 Home Premium, 3 Professional, 4 Ultimate. Kila toleo husasishwa peke yake. Ukisasisha Professional, Ultimate inabaki na hali yake ya 2011. Mimi nahitaji la 3 tu, hivyo mengine sikuyagusa. Unalipachika toleo kwenye folda tupu kwa DISM, chombo cha amri cha Microsoft cha kuhariri Windows ambayo haijasimikwa, na folda inageuka kuwa kama diski ya C ya kompyuta ambayo haijawahi kuwashwa:

dism /Mount-Wim /WimFile:D:\kazi\sources\install.wim /Index:3 /MountDir:D:\pachika

Kabla ya hapo niliiambia antivairasi iiache D:\pachika. Isipoambiwa, inakagua kila faili inayoandikwa na kazi inakokota miguu.

Sasa mpangilio. Kishawishi ni kuirundika folda nzima ya vifurushi mbele ya DISM na kuiambia ijipangie. Haijipangii vizuri. DISM inapofanya kazi kwenye Windows iliyopachikwa, haitumii akili ya kompyuta yako ya Windows 10; inaazima mashine ya kusasishia iliyomo ndani ya ile Windows 7 yenyewe. Mashine hiyo ni ya 2011, na haijui kushughulikia vifurushi vya 2016 wala vya 2020. Kwa hiyo kabla hujaisasisha Windows, unaisasisha ile sehemu inayosasisha. Mtu akiniuliza siri ya kazi hii ni nini, nitamjibu hiyo tu.

Nimeanza na KB3020369 ya Aprili 2015, ambayo ni sharti la kile kifurushi kikubwa. Kikafuata KB3125574 chenyewe, ambacho kilichukua muda kiasi cha kupika ugali na kuula. Kisha KB4490628 ya Machi 2019, mashine mpya zaidi ya kusasishia, na KB4474419, ile inayoifundisha Windows 7 kuisoma saini ya SHA-2. Hiyo ya mwisho ina matoleo zaidi ya moja. Linalotakiwa ni la Septemba 2019. Baadaye KB4536952 ya Januari 2020, nayo ni ya mashine ya kusasishia, na mwisho rundo KB4534310. Kila kimoja kwa amri yake:

dism /Image:D:\pachika /Add-Package /PackagePath:D:\vifurushi\jina.msu

Nikitoka kifurushi kimoja kwenda kingine nasoma jibu. Mstari wa mwisho ukisema operesheni imefanikiwa, naendelea. Ukisema kifurushi hakihusiani na Windows hii, karibu kila mara maana yake ni kwamba sharti lake halijaingia au umechukua faili ya biti 32.

Jioni, kabla sijahifadhi, umeme ukakatika. UPS yangu inatosha kuzima kompyuta kwa heshima, haitoshi kumaliza kazi. Umeme uliporudi niliandika dism /Get-MountedWimInfo, na hali ya folda ikasomeka kwamba inahitaji kupachikwa upya. Hapo wengi hufuta kila kitu na kuanza mwanzo. Usifute. Andika dism /Remount-Wim /MountDir:D:\pachika, na vilivyoingia unavikuta vimo. Kisha funga madirisha yote yanayoichungulia ile folda, kwa sababu hata dirisha moja la Explorer lililosahaulika linatosha kuifanya igome kupachuka, halafu:

dism /Unmount-Wim /MountDir:D:\pachika /Commit

Ijumaa

Nimeulizwa mbona sijaweka Internet Explorer 11. Inawezekana kuiweka, lakini inadai viraka kadhaa vitangulie, na faili yake ya EXE lazima uifungue utoe CAB iliyomo. Kompyuta hii haitaingia kwenye intaneti hata siku moja. Huo ndio mkataba kati yangu na mzee. Basi ya nini? Vivyo hivyo .NET 4.8: programu ya kudarizi inatumia 3.5, ambayo Windows 7 inazaliwa nayo. Kiraka cha diski za NVMe nacho nimekiacha, kwani diski ya hapa ni SSD ya SATA. Kila kitu unachokiongeza kwenye DVD ni kitu cha kukishuku siku mambo yatakapokwenda kombo.

Hapo jirani mwenye duka la simu akadakia: kama haiingii mtandaoni, masasisho ya nini? Kompyuta ya mashine imeunganishwa kwa waya na kompyuta ya kaunta ili michoro ya nembo ipite, na ya kaunta iko mtandaoni kutwa. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizunguka dunia kikipitia njia ambayo kompyuta za Windows hutumia kugawana faili kwenye mtandao wa ndani. Hakikuhitaji mtu abofye chochote. Kiraka chake kilikuwa kimeshatolewa Machi mwaka huohuo, na walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Windows 7 SP1 tupu, ya 2011, ina tundu hilo wazi mpaka leo. Kumpa mzee mashine ya namna hiyo ni kumlipulia kazi.

Jumamosi

Siku ya USB. Kuanzia kizazi cha 6, chipseti za Intel ziliondoa ile njia ya zamani ya USB 2.0 na kuacha ya USB 3.0 pekee, na Windows 7 haina draiva ya USB 3.0. Nilitia DVD ya asili kwenye ile mashine ya mtumba ili niione hali kwa macho. Ndani ya BIOS kibodi inafanya kazi bila shida. Nembo ya Windows inacheza, skrini ya kuchagua lugha inatokea, na papo hapo taa nyekundu chini ya mausi inazimika. Unabonyeza Tab, unabonyeza Enter, hakuna kitu. Umesimama mbele ya kitufe cha kuendelea na huna kidole cha kukibonyezea.

Kwa hiyo draiva za Intel za USB 3.0 zinaingizwa sehemu tatu. Kwanza kwenye install.wim, ili Windows ikishasimikwa izione. Pili na tatu kwenye boot.wim, faili inayoendesha usimikaji wenyewe, ambayo ina namba mbili ndani: ya 1 ni mazingira madogo ya kuwashia, ya 2 ndiyo inayoonyesha zile skrini za kusimika. Ukiisahau ya 2, mausi itaendelea kufa palepale. Amri ni ndogo:

dism /Image:D:\pachika /Add-Driver /Driver:D:\draiva\usb3 /Recurse

Angalizo kwa atakayerudia kazi hii: boot.wim ya DVD hii bado ni ya 2011, hivyo draiva yenye saini ya SHA-2 pekee haitakubalika humo. Chukua toleo la zamani la draiva, lenye saini ambayo Windows 7 tupu inaielewa.

Nimeongeza pia folda ndani ya sources, iitwayo $OEM$, na ndani yake $1, na ndani yake Darizi. Chochote kilichomo humo kinajikuta C:\Darizi usimikaji ukiisha. Nimeweka CD ya draiva ya mashine pamoja na kisimikio cha programu, ili siku CD ile ikichunika mzee asihangaike.

Jumapili

Nimelitoa toleo la Professional peke yake kwenda kwenye install.wim mpya kwa amri ya /Export-Image. Usitarajie kwamba faili itapungua kwa robo tatu kwa sababu umeacha matoleo matatu. Faili za aina hii huhifadhi kila kinachofanana mara moja tu, na matoleo yale yanafanana karibu kila kitu. Hata hivyo kupungua kumenisaidia kwa mambo mawili. DVD ya kawaida ya GB 4.7, ambayo Windows huisoma kama 4.38, imetosha. Na install.wim imekaa chini ya GB 4, maana yake hata flashi ya FAT32 inaipokea bila kuikatakata.

ISO, yaani faili moja iliyobeba DVD nzima, nimeitengeneza kwa oscdimg, kifaa kinachokuja kwenye mkoba wa Microsoft wa kusimikia Windows:

oscdimg -m -u2 -bD:\kazi\boot\etfsboot.com D:\kazi D:\win7-darizi.iso

Kati ya -b na njia ya faili hakuna nafasi. Hii ni ya kuwashia kwa BIOS ya zamani, inayotutosha: Windows 7 haielewani na Secure Boot, ule ukaguzi wa saini wakati kompyuta inawaka, nami nimeshaizima kwenye mashine na kuwasha hali ya zamani.

Jaribio la kwanza nimelifanya ndani ya VirtualBox. Imesimama vizuri, na wmic qfe list ikaorodhesha vifurushi vyangu. VirtualBox ina udhaifu kwa kazi kama hii: kibodi yake ni ya PS/2 ya kuigiza, kwa hiyo haiwezi kukuonyesha tatizo la USB. Hilo linasubiri chuma chenyewe.

Jambo moja limenirudisha mezani. Mzee anataka nembo ya karakana ikae kwenye skrini, na picha yake ni ndogo, hivyo itabidi inyooshwe. Rundo la KB4534310 linajulikana kwa kasoro moja: ukichagua picha ya mezani inyooshwe, skrini inakuwa nyeusi. Watu waliilalamikia sana, kwa kuwa ndilo lilikuwa la mwisho la bure, na mwanzoni mwa Februari 2020 likatolewa KB4539602 kwa kila mtu ili kuirekebisha. Nikapachika tena, nikaliongeza mwisho wa foleni, nikapachua, nikatengeneza ISO upya. Mzee akiona skrini nyeusi atadhani kompyuta imekufa, na simu yangu ndiyo itakayolia.

Jumatatu

Nimechoma DVD kwa kasi ya chini, 4x, na kuichoma nyingine ya akiba. Karakanani, kwenye ile i5: skrini ya lugha imetokea, taa ya mausi ikazimika kidogo, ikawaka, mshale ukasogea. Kijana wa kaunta hakuelewa kwa nini nimecheka.

Windows imesimama, uamilishaji umepita. C:\Darizi ipo. Draiva ya mashine ikaingia, kifunguo cha USB kikatambuliwa kwenye tundu la nyuma baada ya kukataa la mbele, jambo ambalo nadhani ni waya wa kasha, si Windows. Tukafungua mchoro wa nembo ya shule moja ya msingi, mwenge na kitabu, nyuzi za rangi nne. Mashine ikakokotoa, vichwa vikashuka.

"Hiyo njano imekaa juu ya buluu," mzee akasema akiwa ameinamia kitambaa.

"Hiyo ni ya mchoro, mzee. Si ya kompyuta."

"Basi umemaliza. Na ile ya kaunta uipige hiyohiyo DVD, inaonekana iko nyepesi."

Nimekataa. Ile inaingia mtandaoni, inafungua barua pepe za wateja na miamala ya benki, na masasisho ya DVD hii yanaishia Januari na Februari 2020. Kaunta itabaki na mfumo unaopokea viraka hadi leo, na njia ya kugawana faili kati ya mashine mbili nimeibana: kompyuta ya kudarizi inasoma folda moja ya michoro, haina ruhusa ya kuandika kitu upande wa pili, na yenyewe haijafungua folda yoyote.

DVD zote mbili zina faili ya VIFURUSHI.TXT kwenye mzizi wake: namba za KB kwa mfuatano zilivyoingia, mkia wa SHA-1 wa kila moja, toleo la draiva ya USB, na amri ya oscdimg. Juu ya DVD nimeandika "Win7 Pro x64, viraka hadi 02/2020, USB3, usiunganishe intaneti". Moja iko kwenye droo ya mzee pamoja na CD ya mashine, ya pili ninayo. Kilichobaki ni kuchukua nakala ya diski nzima ya ile i5 programu ikiwa ndani, na hiyo nitaifanya wiki hii baada ya oda ya kwanza kutoka.